Mikeka ya Chumba cha Kurekodia

"Sauti nzuri, chumba kibaya." Hayo ndiyo maneno aliyoniambia fundi sauti wa studio moja ya Dar es Salaam, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinisifu au akinitukana. Nilikuwa nimempelekea sampuli ya usomaji wangu, kurasa chache za riwaya nilizozirudia mpaka nikazijua kwa moyo, kisha nikangoja jibu huku simu sijaiweka chini hata nikienda chooni. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti. Alisema wanatafuta mtu wa kusoma vitabu, na baadaye wa kutia sauti kwenye tamthilia za kigeni, na kwamba sauti yangu ndiyo hasa waliyokuwa wakiitafuta. Halafu akauliza: "Lakini dada, unasomea wapi? Unasikika kama umo ndani ya tangi la maji."

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikausikiliza ujumbe tena, maana mwisho wake ndio uliokuwa na uzito. Alinipa njia mbili. Ama nihamie Dar es Salaam nikasomee studioni kwao, ama nikitengeneze chumba changu kiwe hakisikiki kabisa, na sampuli nyingine safi iwafikie kabla mfungo haujaingia.

Kwa mtu mwingine ile njia ya kwanza ingekuwa bahati ya kupiga vigelegele. Mimi nina mama. Mama kapooza upande mmoja wa mwili. Mdomo wake umevutwa pembeni, maneno yanatoka polepole, lakini ukali wake haukupooza hata kidogo. Nilikuwa nikifundisha skuli ya watoto wadogo, nikaiacha ili nimtunze. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemlisha, ninayemwosha. Kaka yangu yuko Maskati, na alipoisikia habari ya studio alisema kwenye simu, "Nenda, tutamtafutia mama mtu wa kumlea." Alilisema jambo hilo kirahisi kama linavyosemwa na mtu aliye mbali.

Nilipomwambia mama, naye alisema, "Nenda." Kisha akageuzia uso wake ukutani. Uji wa jioni ule hakuugusa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Chumba kikipona, napata kazi na nabaki na mama. Kisipopona, mmoja wetu anapoteza. Niliumia kufikiri kwamba maisha yangu na yake yametundikwa kwenye mwangwi.

Nyumba yetu iko Pemba, upande wa Pujini, ya matofali, sakafu ya saruji, juu mabati matupu bila dari. Nilikuwa nimechagua chumba cha kaka kwa sababu ni kitupu. Nilitoa kitanda, nikatoa sanduku, nikafagia, nikapiga deki. Nilidhani studio ni mahali pasafi penye nafasi, mfano wa ofisi ya serikali pale Chake Chake. Nikaweka meza moja, kiti kimoja, kompyuta, na maikrofoni aliyoniletea kaka kutoka Maskati, nikakaa katikati kama karani anayesubiri wateja. Kumbe nilikuwa nimejijengea tangi lenyewe. Kila neno nililolitoa lilikwenda ukutani, likapanda kwenye bati, likarudi na wenzake.

Na hapo sijataja makelele. Jua likipanda bati linalia tak! Wingu likipita linalia tena. Jogoo wa jirani hana saa, anawika anapojisikia. Bodaboda za kwenda Chake zinapita na kuunguruma pale pale ninapofika kwenye sentensi nzuri. Feni nikiizima nalowa jasho, nikiiwasha inapuliza ndani ya maikrofoni. Halafu wageni. Nyumba yenye mgonjwa haina mlango; watu wanakuja kumtazama asubuhi, wanakuja mchana, wanakuja wakitoka shamba. "Hodi!" Na hodi huwezi kuiacha ikaning'inia hewani. Nilikuwa nakata rekodi, navua hedifoni, naitikia karibu, nakwenda kuulizwa, "Mgonjwa yuvipi?" Nasema hajambo. Narudi, nakaa, nimeshasahau mhusika wangu alikuwa amekasirika au amefurahi.

Nilikuwa siwezi kutulia. Nilikula nimesimama. Nilikuwa nikimlisha mama huku nasikiliza kuta. Siku moja akaniuliza, "Unamtega nani?" Nikasema simtegi mtu, nasikiliza mwangwi. Akasema, "Basi ukimpata mwambie ale huno uji, miye n'shashiba."

Mtu mmoja kwenye mtandao alisema ukibandika trei za mayai ukutani mwangwi unakufa. Nikaenda sokoni Chake Chake, nikazunguka maduka yote ya jumla kuomba trei tupu, nikazifunga kwa kamba, nikapanda nazo gari huku abiria wakizikwepa. Nilizibandika kwa gundi siku nzima. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa makamo ambaye amenijua tangu sijaota meno, alichungulia, akatazama kuta, akanitazama mimi. "Kuku wenyewe wako wapi?" akauliza. Nikarekodi, nikampelekea fundi kwa mbwembwe. Akajibu kwa kifupi: "Dada, trei za mayai ni za mayai."

Nililia siku ile, nasema kweli. Nililia kwa hasira, nikaanza kuzibandua, na gundi ikaondoka na chokaa ya ukuta.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Labda alinihurumia, maana alinipigia simu akanifundisha. Nikae shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, nisiisemee usoni bali kwa pembeni kidogo, ili herufi zenye kupuliza zisiipige. Nifunge soksi nyembamba kwenye waya wa duara niiweke mbele yake. Nirekodi alfajiri, bati likiwa bado baridi. Kisha akasema: "Zunguka nyumba yako, piga kofi moja kila mahali. Pale kofi litakapokufa papo hapo, ndipo penye sauti."

Nikazunguka nyumba nzima nikipiga makofi. Ukumbini likarudi. Jikoni likarudi. Stoo likarudi na vumbi. Mama akaita kutoka kitandani, "Nani kaolewa?" Nikaingia chumbani kwake kumweleza, na kabla sijamweleza nikapiga kofi. Likafa. Nikapiga tena. Likafa tena, kavu, kama limepigwa ndani ya gunia. Niliangaza macho nikakielewa chumba kile kwa mara ya kwanza. Magodoro mawili, chandarua kizito, nguo zimetundikwa hadi dirishani, mito ya kumwegemeza, mashuka yaliyokunjwa. Kilikuwa kimejaa vitu laini kila upande. Mimi nilikuwa nikihangaika kuondoa vitu, na kumbe dawa ilikuwa ni kuvirundika.

Kurekodia chumbani kwa mama haikuwezekana, kwa wale wageni na kikohozi chake. Ilibidi chumba cha kaka kivishwe kama cha mama. Lakini kwa vitu gani? Blanketi tulikuwa nalo moja, tena la hospitali. Pemba nani ana mablanketi? Kanga nilizitundika zote na sauti ikapita kama hazipo. Nilihitaji vitu vizito na vingi. Na ndipo nikakumbuka kwamba kila nyumba hapa mtaani ina mikeka, ina majamvi, ina busati lililokunjwa juu ya kabati, ina godoro la sufi la ziada.

Hapo mfungo ulikuwa umeshakaribia kabisa, na mimi sina subira. Nilivaa baibui juu juu, mtandio hata sikuutengeneza, macho mekundu kwa vumbi la trei na kukosa usingizi, nikatoka asubuhi mbio mbio nyumba hadi nyumba. Maneno yangu yalikuwa mafupi. "Naomba mkeka. Na godoro kama lipo. Nitarudisha."

Sijawahi kuona ukarimu wa namna ile. Hakuna aliyeniuliza ya nini. Jirani yangu wa trei, ambaye hata ukikopa chumvi atakuuliza ya kupikia nini, aliniangalia, akainamisha macho, akaingia ndani akatoka na mkeka mpya kabisa uliofungwa kwa gazeti. Akaongeza na godoro la sufi la kitandani kwake mwenyewe. Nikamwambia, "Hili sitaki, utalalia nini?" Akasema, "Tutalala huko huko kwako." Nikaona ananitania. Nyumba ya pili walinipa majamvi mawili na vijana wa kunibebea. Nyumba ya tatu bibi mmoja mzee alinishika mkono akaung'ang'ania. "Subira, mwanangu. Sote njia yetu ni hino hino." Nikafikiri anazungumzia kutafuta riziki, nikamwambia, "Kweli bibi, lakini mwenzio nina haraka." Akaanza kulia. Sikuwa na wakati wa kumuuliza analilia nini.

Nikavirundika vyote ukumbini, nikamchungulia mama. Alikuwa kalala baada ya uji. Nikajifungia. Nilifunga kamba za kuanikia nguo kutoka pembe hadi pembe, nikasimamisha magodoro kwenye ukuta, mbele yake nikatundika majamvi, mbele yake tena mikeka, nikiiachia nafasi kidogo isigusane na ukuta kama fundi alivyosema. Busati nikalitandika chini. Juu ya kichwa changu nikafunga blanketi la hospitali. Nikasimama katikati, nikapiga kofi.

Likafa.

Nilirukaruka peke yangu kama mwehu. Nikakaa, nikavaa hedifoni, nikaanza kusoma, na kwa mara ya kwanza nikajisikia. Nilikuwa mimi, pumzi zangu, ulimi wangu, na yule mwanamke wa kwenye hadithi anayegombea shamba la marehemu mumewe. Ukurasa wa kwanza ukapita bila doa. Wa pili ukapita. Nilikuwa nimefika pale anaposimama mbele ya wazee kujitetea, mahali ambapo nilikuwa nimepashindwa mara zote, na nilikuwa nikipasoma vizuri, nikijua kwamba nikipamaliza nabaki Pemba. Ndipo ndani ya hedifoni nikasikia mkwaruzo. Kipaza sauti cha msikitini. Adhuhuri ilikuwa imeshapita na alasiri bado, na mtu anakohoa kwenye kipaza sauti! Nikapiga meza kwa hasira, nikatoa neno lisilofaa kuandikwa. Rekodi imeharibika.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," sauti ikasema kwa mbali, ndani ya masikio yangu. "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Likatajwa jina la mama yangu. Likatajwa jina la babu yangu, na mtaa wetu. Maziko, ikasema sauti ile, ni leo baada ya sala ya alasiri.

Sikumbuki nilivyotoka. Najua niliangusha kiti na kamba moja ikanipiga usoni. Nilichokifikiri ni kwamba amekufa nikiwa nimejifungia, na watu wa msikitini wamejua kabla yangu. Nikaingia chumbani kwake na hedifoni zikiwa shingoni.

Mama alikuwa macho, anatazama chandarua.

"N'shasikia," akasema. "Wamesema n'zikwe saa ngapi?"

Nilimwangukia miguuni nikalia kwa sauti, na kilio changu ndicho kilichomaliza kila shaka nje, maana pale pale nikasikia wanawake kibarazani wakiitikia kwa vilio vyao. Walikuwa wameshafika. Na hapo tu ndipo akili yangu, iliyokuwa imejaa mwangwi kwa wiki nzima, ikanirudia. Mtu mwenye mgonjwa ndani akitoka nyumba hadi nyumba, mtandio umemwenda upande, macho mekundu, anaomba mikeka na magodoro, haulizwi ya nini. Kumuuliza ni kumlazimisha alitamke neno ambalo bado hawezi kulitamka. Unampa, unainamisha macho, unawahi kupeleka habari ili asiifanye kazi hiyo yeye. Watu watakaa juu ya mikeka, wanawake watalala matangani juu ya magodoro. Nalijua hilo tangu utoto. Mimi mwenyewe nimewapa watu mikeka kwa namna ile ile, na kamwe sikuwauliza.

Baadaye jirani yangu aliapa kwamba hakusema uongo wowote. "Miye sikusema kafa," alisema. "N'sema mikeka yaombwa."

Mama akanikata kilio. "N'kalishe," akasema. Nikamkalisha, nikamwegemeza mito, akataka ushungi wake mzuri. Nikamvisha. "Haya, wafungulie."

Walioingia mbele walikuwa wanawake watatu wanalia, kanga zimefunika nyuso, wakaja moja kwa moja hadi kitandani bila kutazama. Mama akasema, "Karibuni. Maiti yuwataka chai." Mmoja alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Chake. Mwengine akakaa chini sakafuni akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hawezi kuacha lolote. Nje, wanaume walikuwa wameshapanga mabenchi, na vijana walikuwa wanaingia uani na jeneza la msikiti mabegani. Nilitoka mbio nikawapungia mikono. Wakasimama, hawajui waende mbele au nyuma. Mwishowe wakalizungusha nyuma ya nyumba wakalificha migombani, wakaning'iniza na koti juu yake.

Ikabaki kazi ya kulifuta tangazo. Hakuna maneno yaliyotengenezwa ya kutangaza kwamba mtu hajafa. Nilimsikia yule bwana wa msikitini akiwasha kipaza sauti, akakohoa, akakohoa tena. Akasema tangazo lililotangulia, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, limeahirishwa. Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mama alicheka upande mmoja wa uso mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikiwa nimemshika bega nilihisi mwili wake wote ukitikisika.

Hawakuondoka. Mchele ulikuwa umeshaletwa, nazi zimeshakunwa, na chakula kilichokusudiwa matanga kikapikwa kikaliwa kwa utani. Shangazi yangu wa Konde alipigiwa simu ya msiba na hakupigiwa ya kuufuta. Alifika alasiri, kashuka garini analia tangu njiani, akaingia akamkuta marehemu anatafuna tende. Alimtukana mama kwa kumtisha, kisha akanitukana mimi, kisha akaomba sahani.

Mimi ndiye niliyekuwa sina raha. Kila aliyeniangalia alitaka kujua, sasa mikeka ilikuwa ya nini? Nikawaonesha chumba. Wakaingia kwa zamu, wakashangaa kimya kilichomo, wakaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Nikamvisha jirani yangu hedifoni nikampigia zile kurasa mbili. Akasikiliza kakunja uso. Alipozivua alisema, "Kumbe ndiwe weye? N'dhani mtu wa redioni." Sikuweza kufurahi. Nilikuwa nikiangalia jua, nikijua kwamba sasa kila mtu atachukua chake, chumba kitarudi kuwa tangi, na mfungo unaingia.

Na kweli wakaanza kufungua kamba. Ndipo mama akaita kwamba na yeye anataka kuona. Tukambeba kwa kiti, mimi na shangazi na wengine wawili, tukamweka katikati ya chumba. Akatazama kuta zote kwa utaratibu. Akanyoosha mkono wake mzima akaushika mkeka mpya wa jirani, ule uliokuwa kwenye gazeti, akaupapasa ukingo wake.

"Huno n'lisuka miye," akasema.

"Ni wako," jirani akasema. "Wa harusi yangu."

"Na mpaka leo haujalaliwa?"

"N'liuweka."

"Ukiuwekea nini?"

 Jirani alitazama chini. Wanawake wengine nao wakatazama chini, kwa kuwa sote tulijua, na mama alijua kuliko sote. Kwa msiba wa mtu tu unatoa mkeka ulio karibu. Mkeka wa harusi hautolewi kwa mtu tu. Mama aliendelea kuupapasa kwa muda mrefu. Nikamwona akiipitia na ile mingine kwa macho, mmoja mmoja, na majamvi, na godoro lililotolewa kitandani likiwa bado na shuka lake. Ni watu wangapi wanaopata kuyaona hayo? Alikuwa anaona alichoandaliwa, na alionekana, sijui niseme nini, alionekana ameshiba.

"Msifungue," akasema mwishowe. "Iacheni papa papa. Mtaibeba mara ngapi?"

Shangazi akasema, "Astaghfirullah, usiseme hivyo." Mama akasema yeye hajasema kitu, amewahurumia migongo yao tu. Jirani ndiye aliyeanza. Aliikaza upya ile kamba aliyokuwa ameifungua. Wengine wakafuata.

Siku ya pili alfajiri nilirekodi upya, nikapeleka. Fundi hakuchelewa. "Sasa una chumba," akasema. Nikapata kazi. Nimebaki Pemba, nasoma vitabu, na mwaka huu wameniahidi na tamthilia. Kaka amemwambia kila mtu Maskati kwamba yeye ndiye aliyenunua maikrofoni.

Ningependa kuandika kwamba nimetulia. Sijatulia. Najua nimezungukwa na nini. Natia sauti yangu ndani ya mikeka ya matanga ya mama yangu, na kadiri inavyofanya kazi yake vizuri ndivyo nisivyomsikia. Kila ninapomaliza ukurasa navua hedifoni, natoka, nachungulia, narudi. Akikohoa nakereka, asipokohoa naogopa. Mmoja wa majirani akipata mgeni akaja kuchukua mkeka wake kwa siku mbili, nafurahi, ingawa kazi inasimama. Naufungua mkeka nampa mwenyewe nikijua kwamba ni wa kulaza mgeni tu.

Mama alichoka na kuchunguliwa kwangu. "Kila saa waja n'tazama kama maziwa jikoni," akasema. "N'peleke huko huko nikalale, nami n'sikie hicho unachokisoma." Kwa hiyo siku nyengine, wageni wakipungua, tunamtandikia juu ya busati, chini ya ule mkeka wa harusi, naye analala ubavu akisikiliza. Anajitahidi asikohoe. Mhusika akifanya ujinga, anang'aka kimya kimya kwa uso tu.

Wiki iliyopita fundi alinitumia ujumbe. Kila kitu kizuri, alisema, ila kwenye ukurasa wa mwisho wa sura niliyompelekea kuna pumzi ya pili nyuma ya yangu, nzito, ya mtu aliyelala. Akauliza ni nani, na kama naweza kuiondoa. Nilianza kuandika kwamba itaondoka yenyewe, vidole vikakataa, nikafuta. Nikamwandikia kwamba nitarudia.

Nikarudia, peke yangu, mlango umefungwa. Ukatoka msafi, ndio huo watakaousikia watu. Ule wenye pumzi mbili nimeuweka kwenye simu, sijaufuta na sijausikiliza hata mara moja. Mama yu hai, yuko chumba cha pili, na nikitaka kusikia pumzi zake nainuka nakwenda.